Mafuta ya mimea kwa friji yako? Sawa, lakini kwanza tuongee

Kuna kampuni moja, jina nitaliacha, ilinitumia ujumbe kwa DM ikitaka nitangaze mafuta yao mapya ya friji. Si ya kupikia. Ni mafuta ya kompresa, ile kitu nyeusi kama sufuria iliyofunikwa ambayo hunguruma nyuma ya friji yenu usiku mkijaribu kulala. Walisema mafuta yao yametoka kwa mimea asilimia mia moja, yakimwagika yanaozea udongoni yenyewe, na yanaingia kwa friji yoyote, gesi yoyote. Video mbili, elfu arobaini.

Elfu arobaini kwangu ni kodi ya miezi mitano hapa Oruba. Siongei kama mtu ambaye hela zimemjaa.

Wale mmenifuata toka zamani mnajua niliachia chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na nilikuwa nasomea kemia. Kila wiki kuna mtu kwa komenti anauliza kama najuta. Hiyo ni stori ya siku nyingine. Nimeitaja tu kwa sababu hii ndiyo mara ya kwanza kemia ya mwaka wa pili imenisaidia kwa kazi, hata kama imenisaidia kukosa pesa.

Msimamo wangu nauweka mapema ndio usisome ukingoja nigeuke: mafuta ya mimea ndani ya kompresa ni kitu cha kweli. Wanasayansi wamehangaika nayo miaka mingi, na sehemu fulani ya hiyo kazi tayari iko sokoni, pengine hata nyuma ya friji yenu. Shida yangu ilikuwa ile chupa. Halafu nikaja kuona kwamba shida kubwa hata haiko ndani ya friji.

Nilianza kwa fundi. Yuko karibu na stendi hapa Migori mjini, mzee wa miaka hamsini na kitu, ametengeneza friji tangu kabla nizaliwe. Nikamwonyesha picha ya chupa kwa simu.

"Nyathina, hii ni mafuta ya nini?"

"Ya kompresa, Fundi. Imetoka kwa mimea."

Akavaa miwani, akaivuta picha, akaivuta tena. "VG ngapi?"

"Haijaandikwa."

"Haijaandikwa." Akanirudishia simu. "Basi hiyo ni ya chapati."

Mimi VG niliisikia darasani mara moja nikaisahau. Ni namba ya uzito wa mafuta, yaani yanatiririka polepole kiasi gani yakiwa na joto la nyuzi 40. Kila kompresa imeundiwa namba yake. Friji ndogo za nyumbani za siku hizi hutaka mafuta mepesi sana, mara nyingi namba kati ya 5 na 22, kwa sababu mafuta mepesi hayaisumbui mota na stima inatumika kidogo. Mafuta ya alizeti yako kwenye thelathini na kitu. Ya mbarika, na tutayarudia hayo, yanapita mia mbili. Sasa chupa inayosema inaingia kwa friji yoyote na haitaji namba ni kama kiatu kinachosema kinamtosha kila mtu na hakitaji saizi.

Fundi akanipa kiti, akachukua kompresa iliyokufa ambayo alikuwa ameshaikata na grainda, akanionyesha ndani. Ile sufuria imechomelewa kabisa, haina nati, haikuundwa ifunguliwe. Ndani kuna mota ndogo na pampu yenye pistoni, na chini mafuta kama robo lita hivi, mengine zaidi kidogo, mengine chini ya hapo. Hayo mafuta yanawekwa kiwandani na yanatarajiwa kuishi humo mpaka friji izeeke. Miaka kumi, kumi na tano. Fikiria bodaboda inayokimbia mchana na usiku miaka kumi bila sevisi hata moja.

Na kazi zake si kulainisha pistoni tu. Yanapoza mota. Yamegusana na nyaya za mota, kwa hivyo lazima yasipitishe umeme. Tena kuna mafuta kidogo ambayo huwa yanabebwa na gesi yakazunguka mfumo wote, yakaingia mpaka kule kwenye barafu, na lazima yarudi, la sivyo kompresa inabaki kavu. Njiani kuna paipu ya shaba nyembamba ajabu. Fundi alinishikisha kipande. Tundu lake halifiki milimita moja. Kila tone la gesi ya friji yako linapitia hapo.

Hiyo paipu ndiyo ya kukumbuka kwa hii stori yote.

Sasa ingia jikoni kwenu. Angalia ile rafu iliyo karibu na jiko, ama shingo ya chupa ya mafuta ya kupikia ambayo imekaa miezi. Kuna kitu cha manjano kinanata, hata sabuni inakishindwa. Hayo ni mafuta ya mimea yaliyokutana na hewa na joto yakageuka gundi. Fikiria hiyo gundi, hata kidogo tu, ikifika kwenye tundu lisilofika milimita moja. Halafu angalia mafuta ya nazi ya nywele. Asubuhi ya Julai yameganda kama siagi, kwa sababu yanayeyuka kwenye nyuzi 24 au 25, na friza ya mama yenu iko chini ya sifuri kwa nyuzi 18. Si mafuta yote ya mimea yako hivyo, ya alizeti yanavumilia baridi zaidi, lakini kila moja lina mahali linapokwamia.

Kwa hivyo ukichukua mafuta ya mimea vile yalivyo ukamimina kwa kompresa, friji inaweza kufanya kazi. Kwanza itafanya vizuri, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu fundi atakuwa ameshalipwa na ameenda. Hapa kwetu kuna na hii nyingine: stima inarudi ikiwa chini, zile jioni taa inakuwa nyekundu kama mshumaa. Mota inayojaribu kuanza na stima dhaifu huku imezama kwenye mafuta mazito inachemka. Inaungua siku ambayo haukuwa hata nyumbani.

Wanakemia waliliona hili, na walichofanya ni kitu ambacho mimi nakiona kitamu sana, niwie radhi. Mafuta yoyote ya mimea yana umbo kama kiganja chenye vidole vitatu. Vidole ni asidi za mafuta, kiganja ni gliserini. Udhaifu mkubwa uko mahali pawili: kwenye kiganja, na kwenye viungo vya vidole ambavyo vinapenda kushikana na hewa. Basi wanakata vidole, wanachagua vile vizuri, vifupi, visivyo na viungo dhaifu, wanavipachika kwenye kiganja kingine kigumu zaidi kilichotengenezwa kiwandani. Kinachotoka kinaitwa polyolester. Mafundi wanakiita POE. Hicho ndicho kilichookoa friji za dunia miaka ya tisini, wakati gesi ya zamani ya R12 ilipokuwa inaondolewa kwa sababu ya mkataba wa Montreal wa 1987, na ile mpya, R134a, ikakataa kuchanganyika na mafuta ya petroli yaliyokuwa yanatumika. Bila mafuta mapya, yale ya zamani yangekuwa yanakwama huko kwenye mapaipu.

POE nayo ina tabia zake. Inapenda maji. Ukiacha kopo wazi inavuta unyevu hewani, na maji yakikaa nayo kwa joto inavunjika na kutoa asidi, asidi inakula nyaya za mota. Ndio maana fundi mzuri hufungua kopo dakika ya mwisho na kulifunga hapo hapo, na ndio maana ukimwona fundi anamimina mafuta kutoka kwa chupa ya soda isiyo na kifuniko, chukua friji yako uende.

Sasa kuhusu hivyo vidole. Vinaweza kutoka kwa petroli. Lakini vingine vinatoka shambani. Kuna asidi moja ya kaboni saba inayotengenezwa kwa mafuta ya mbarika. Arkema, kampuni ya Ufaransa, ina kiwanda Marseille kinachovunja mafuta ya mbarika ili kupata malighafi ya plastiki ngumu, na asidi hii inatoka kwa kile kipande kinachobaki. Moja ya matumizi yake ni mafuta ya kulainisha, ya ndege na ya kompresa za baridi.

Mbarika. Wengine wanasema mbono, ama nyonyo. Kwa Dholuo ni odagwa. Kama umetoka Migori unaujua huo mti hata kama haujui unaujua: majani kama mkono uliofunguka, mbegu zenye madoadoa kama kupe, umeota nyuma ya choo, kando ya barabara ya Uriri, kwenye jaa la taka. Hakuna mtu aliupanda. Asili yake inahesabiwa kuwa upande huu wa Afrika, yaani huo mti ni wa kwetu kuliko mahindi. Usimpe mtoto mbegu zake achezee, zina sumu ya kuua, hiyo siongezi chumvi. Sumu inabaki kwa makapi, mafuta yaliyokamuliwa na kusafishwa hayana.

Na si mgeni kwenye mashine. Jina Castrol, ile chapa ya mafuta ya injini unayoiona kwa kila gereji, lilitoka kwa jina la Kiingereza la haya mafuta, mwaka 1909. Ndege nyingi za Vita vya Kwanza vya Dunia zilikuwa zinaruka na mafuta ya mbarika kwenye injini. Bibi zetu waliyatumia kusafisha tumbo, kwa hivyo fikiria hao marubani wakivuta moshi wake masaa mawili angani. Wacha niishie hapo.

Ukishajua haya yote, unaweza kuelewa kwa nini ile kampuni ilitaka video ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya kuwaambia mafundi wanunue. Ya pili, na hii ndiyo iliyonifanya nisilale, ilikuwa ya kuwaambia nyinyi. Nisimame kwenye shamba, niseme vijana wa Migori na Homa Bay pandeni mbarika kwenye ardhi ya familia, soko lipo, mafuta ya kijani ndiyo pesa mpya. Niliuliza nani atanunua mbegu. Wakasema mpango uko mbioni. Niliuliza bei ya kilo. Mpango uko mbioni.

Dani wangu, mama yake baba, ana ekari mbili kasoro upande wa Uriri. Mahindi, maharage, mihogo kidogo, na zamani tumbaku. Ninajua vile anaangalia simu yangu: kitu nikikisema huko ndani, kwake kimeshakuwa kweli. Angepanda.

Tulishafanyiwa hii Kenya. Wakati niko chekechea kulikuwa na mti mwingine, mbono kaburi, jatropha, uliokuwa unaitwa dhahabu ya kijani, ati utaota hata kwa mawe na utatoa mafuta ya gari. Wakulima wakapanda, wengine kwa pesa zao. Mwaka 2009 watafiti, wakiwemo wa KEFRI na wa kituo cha kilimo-misitu cha dunia kilichoko Nairobi, wakazunguka mashambani wakapima walichovuna watu. Ripoti yao ilikuwa kavu kabisa: mavuno ni kidogo, hakuna faida, mti ufae tu kama ua wa boma. Walioanzisha hizo kelele walikuwa wameshahamia kitu kingine.

Sisemi kubadilisha zao hakuwezekani. Hapa hapa Migori, toka 2021 hivi, kuna mradi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, FAO, WHO na WFP, pamoja na serikali, wa kuwatoa wakulima kwa tumbaku waingie kwa maharage yenye madini mengi ya chuma. Nenda uwaulize wale waliojiunga kwa nini walikubali. Watakuambia mbegu ilikuja, mafunzo yakaja, na mnunuzi alikuwa anajulikana kabla jembe halijagusa udongo. Na maharage yakikosa soko kabisa, unakula. Mbarika hauli.

Halafu hata mnunuzi akipatikana, uliza anapeleka wapi. Makueni kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu mwaka 2022, mbarika ikiwemo, na mafuta yakapandishwa meli kwenda kiwanda chake cha Gela huko Sicily kufanywa mafuta ya magari. Mbarika nyingi ya dunia inatoka India, jimbo la Gujarat, na wao hawauzi mbegu tu, wanakamua na kusafisha huko huko. Ile kazi ya kukata vidole na kuvipachika kwenye kiganja kipya, ambayo ndiyo yenye pesa, Kenya bado iko mbali nayo. Sisi tungekuwa watu wa mbegu. Kijana wa Awendo angevuna odagwa kwa bei ya kutupa, halafu baadaye fundi wangu anunue POE kwa bei ya kopo dogo inayoumiza. Mimi nikiwa katikati na elfu arobaini yangu.

Lakini nilisema shida kubwa haiko ndani ya friji. Hapo ndipo nilipopanda matatu hadi Rongo, halafu Homa Bay kupitia Rodi, kumwona waya wangu, dada yake baba.

Waya anauza samaki. Ananunua ngege na mbuta karibu na gati, anaweka kwa friza mbili kubwa za kulala, anauzia hoteli. Mwaka jana friza moja iliharibika, fundi mmoja akaijaza mafuta aliyokuwa nayo, yoyote tu, na baada ya wiki tatu kompresa ikakwama kabisa usiku wa Jumamosi. Samaki wa elfu kumi na nane waliharibika. Kwa mtu wa biashara ndogo hiyo si hasara ya siku, ni mtaji. Alikopa kwa chama, na bado analipa.

Nikamweleza kuhusu mafuta ya mimea, kwamba yakimwagika hayaharibu maji. Tulikuwa tumesimama tukiangalia boti zinaingia, ziwa limetulia, na nyuma ya kila boti yenye injini kulikuwa na ule utando wa rangi ya upinde unaoelea.

"Nyar owadwa," akasema, "robo lita ya friji yangu ndiyo mnaililia?"

Nilifanya hesabu hapo hapo kwa simu. Injini nyingi ndogo za boti hapa ni za mipigo miwili, ambazo mafuta yake yanachanganywa moja kwa moja na petroli, kwa kawaida sehemu moja kwa hamsini. Mtungi wa petroli wa lita 20 unatiwa karibu mililita 400 za mafuta. Hayo mafuta hayakai humo miaka kumi kama ya friji. Yanatumika yote siku hiyo, na sehemu kubwa inatoka bila kuungua vizuri, kupitia ekzosi ambayo iko ndani ya maji. Mtungi mmoja unapitisha mafuta mengi kuliko yale friza ya waya itabeba maisha yake yote.

Kama kuna mahali mafuta yanayooza yanahitajika leo jioni, ni hapo. Yale ya injini za boti yapo tayari duniani. Austria ilikataza mafuta ya petroli kwenye minyororo ya misumeno ya umeme na petroli tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa sababu hiyo hiyo: mafuta ambayo kazi yake ni kupotea msituni au majini ndiyo ya kubadilishwa kwanza. Hayo hayapiti kwenye tundu la milimita moja na hayatarajiwi kuishi miaka kumi. Kikwazo ni bei, na mvuvi wa omena anayehesabu hadi shilingi ya mwisho hatanunua kitu cha bei mara mbili kwa sababu msichana wa Migori amesema kwa video. Hapo ndipo pesa ya kaunti ama ya mradi ingeingia, kupunguza hiyo tofauti. Hiyo nitaitangaza bure.

Na hilo neno "yanaoza", pia tulichunguze kidogo. Kipimo kinachotumika sana maabara kinasema mafuta yanaoza kwa urahisi kama bakteria wamekula angalau asilimia 60 ndani ya siku 28. Siku 28, maabara, na mafuta mapya. Yaliyotoka kwa kompresa iliyoungua yana unga wa chuma, shaba, na asidi. Mti wake wa asili hauyasafishi. Tena hata mafuta safi ya mimea yakimwagwa mengi kwa maji, bakteria wanaoyala wanamaliza oksijeni ya samaki.

Kuna na gesi, na hapa fundi wangu hakufurahi nilipomwambia, lakini alisikiza. Ile dakika anapokata paipu na mafuta yanadondoka, gesi yote imeshaenda, pssss, angani. Friji yenye gramu 100 za R134a, kwa hesabu inayotumika sana, ni kama kuachilia kilo 143 za moshi wa kaboni. Hiyo ndiyo gesi ambayo nchi zilikubaliana kuipunguza Kigali mwaka 2016. Friji mpya nyingi zina R600a, ambayo ni jamaa ya karibu ya gesi ya kupikia: madhara yake kwa hali ya hewa ni kidogo kabisa, inawekwa gramu chache, na inakubaliana na mafuta ya aina nyingi, hata watafiti wa mafuta ya mimea wanaipenda. Ila inashika moto. Ukichomelea paipu yake kama ulivyozoea R134a utaruka nayo. Fundi alijifunza hilo kwa kusikia kwa fundi mwingine, aliyeungua mkono. Hajawahi kuitwa kwa mafunzo yoyote. Miaka thelathini.

Kwa hivyo niliwaandikia wale jamaa wa kampuni. Niliuliza namba ya VG. Niliuliza alama ya KEBS. Niliuliza friji ngapi zimetembea na hayo mafuta, kwa muda gani, na ngapi zilikufa. Niliuliza ikiwa friza ya mama wa samaki itakwama Jumamosi usiku, nani atamlipa. Na nikasema video ya shamba siifanyi hata kwa laki. Wakajibu kwamba walikuwa wanatafuta "mtu mwenye nishati chanya", wakampata. Mmeshaiona hiyo video, wengi wenu mmenitumia. Simshambulii yule msee, kodi ni kodi. Ila kama mzazi wako ameshaanza kung'oa mihogo, mwonyeshe hii.

Kile ninachofanya sasa ni kidogo na hakina pesa. Fundi alikuwa anamwaga mafuta nyuma ya kibanda, ama anawapa watu wa kupaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa, na nyuma ya kibanda maji ya mvua yanaelekea mto Migori, na mto Migori unaelekea ziwani kwa waya. Tulitafuta mitungi miwili ya lita tano. Mmoja ni wa POE, mwingine wa mafuta ya petroli, hatuchanganyi. Kila friji inayofunguliwa, mafuta yanaingia mtungini, tarehe inaandikwa kwa kalamu. Kwa miezi miwili tumefika lita nne.

Sheria inataka mtu wa kubeba mafuta machafu awe na leseni ya NEMA. Nimepiga simu kwa watatu wenye leseni. Wote wako mbali, na wote waliniuliza swali moja: mna mapipa mangapi? Pipa ni lita 200. Kwa robo lita robo lita, hiyo ni friji 800. Fundi mmoja hawezi, lakini mafundi ishirini wa Migori, Awendo, Rongo, Oyugis na Homa Bay wanaweza. Kama wewe ni mmoja wao, ama baba yako ni mmoja wao, nitumie ujumbe. Mtungi ninao mmoja wa ziada, na nguo kuukuu za kufutia tunazo. Pipa bado tunatafuta.